Fundi Aliyeiogopa Nyumba ya Hewa

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kufanya kazi nao alikuwa fundi wa mawe, na nyumba alizojenga zimesimama mpaka leo. Isiolo mjini tulimwita Fundi tu. Mafundi walikuwa wengi, wa mbao, wa mabomba, wa stima, lakini ukisema umemwona Fundi sokoni, hakuna aliyeuliza ni fundi yupi. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mambo hayo hayakumjengea ukuta hata mmoja.

Nianze na hofu zake, kwa sababu ndizo zilizomfanya awe yeye.

Aliogopa kwenda juu. Kabla ya kupanda jukwaani alijifunga kamba ya katani kiunoni na kuikaza ncha ya pili kwenye nguzo, hata kama jukwaa lenyewe halikuzidi urefu wa mtu. Vibarua walimcheka waziwazi. Siku moja mmoja wao alimwuliza, "Sasa Fundi, ukianguka kutoka hapo utaumia wapi? Hiyo si ni kama kuanguka kitandani?"

Fundi akaendelea kupaka simiti. "Babako alianguka kitandani," akasema, "na ona vile matokeo yamekuwa mabaya."

Aliogopa kupigwa picha. Aliogopa mbwa aliyelala. Zaidi ya yote aliogopa maji yanayotembea. Huko Rapsu alijenga mfereji wa kunyweshea mashamba kwa mikono yake mwenyewe, na maji yake hayakufika magotini. Wenzake waliuruka. Yeye alizunguka mwendo mrefu hadi kwenye daraja la mbao, kisha akarudi upande wa pili akiwa amebeba mwiko na pima maji yake, mwenye jasho na bila haya yoyote.

Lakini watu hakuwaogopa. Mwenye jengo mmoja, mtu wa gari kubwa na walinzi wawili, alimwamuru apunguze simiti kwenye nguzo. Fundi aliweka mwiko chini, akanawa mikono, akaketi juu ya mfuko wa simiti tangu asubuhi hadi saa kumi jioni.

"Kwani wewe huniogopi?" mwenye jengo akamwuliza.

"Wewe nakuogopa kidogo. Hii nguzo naogopa sana."

Simiti ikarudi ilivyokuwa.

Mimi nilimjua nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa na nguvu nyingi na akili nyingi zaidi, ingawa wakati huo hakuna aliyeziona isipokuwa mimi. Tulikwenda kumwomba kazi tukiwa kumi. Alimwuliza kila mmoja swali moja tu: "Unaogopa nini?" Nilimjibu kwamba siogopi kitu. Basi akanipa mitungi, nikachota maji kwa miezi miwili huku vijana waliosema wanaogopa nyoka au mama zao wakifundishwa kupanga mawe. Siku moja jiwe la kona liliteleza na kutua kando ya mguu wangu, karibu kiasi kwamba nilihisi upepo wake. Nilikwenda kwake, nikamwambia, "Leo nimeogopa." Akanipa ncha ya kamba ya kupimia nishike. Kamba alinipa, lakini ngazi hakunipa. Alikuwa na msemo wake, na aliurudia mpaka ukatuchosha: "Asiyeogopa asinishikie ngazi." Miaka yote niliyokuwa kwake, ngazi yake ilishikwa na wengine.

Nilimzidi haraka. Nasema hivyo bila kiburi, ni ukweli tu. Nilikwenda Doha kubeba vyuma, nikahama kutoka kwenye vyuma hadi kwenye stoo, kutoka stoo hadi kwenye ofisi ya wachoraji, na jioni nilisoma. Nilipata diploma ya uchoraji wa majengo bila kushikwa mkono na mjomba wala mheshimiwa. Cheti kiko ukutani kwangu, ndani ya fremu niliyoitengenezesha mwenyewe. Niliporudi Isiolo, serikali za kaunti zilikuwa zimekuja, kila mtu alitaka kujenga, na wachoraji wetu walikuwa bado wanawafungulia watu karatasi kubwa zilizokunjwa kama mikeka. Mwenye kujenga anaitazama karatasi, anatikisa kichwa kwa adabu, na haoni kitu. Anaona mistari.

Mimi nilileta tableti. Unakwenda kwenye kiwanja kitupu, unaielekeza ardhini, inaipapasa ardhi kwa kamera yake hadi ipate mahali pa kukanyaga, kisha jengo linasimama hapo. Unaliona kwenye kioo likiwa na ukubwa wake kamili, na nyuma yake unaona miti ile ile ya kweli na mbuzi wale wale wa kweli. Ukitembea, unalizunguka. Ukiingia mlangoni, unaona vyumba. Vitabuni wanaiita uhalisia ulioongezwa. Watu wa Isiolo waliiita nyumba ya hewa, na jina hilo likashika. Nilikuwa wa kwanza kuileta huku. Wengine wamekuja baadaye, na waulizwe walijifunza kwa nani.

Fundi alikuwa na njia yake ya kukijua kiwanja, na hiyo nilikuwa nimeisahau, au nilijifanya nimeisahau. Kabla ya kuchimba msingi alipiga vigingi pembe nne, akazungusha kamba nyembamba kwa urefu wa goti, kisha akaondoka. Siku saba hakugusa jembe. Kila asubuhi alikuja kutazama kamba imekatwa upande gani. Mbuzi akikata leo kusini na kesho kaskazini, hilo ni la mbuzi. Lakini kamba ikikatwa mahali pamoja siku tatu mfululizo, Fundi hakujenga hapo. Alisema mifugo hufuata njia ya zamani hata kama watu wameisahau, na njia ya zamani mara nyingi ni ya maji. Wenye haraka walimchukia kwa siku hizo saba.

Nyumba yake mwenyewe, nisisahau, ilikuwa ya udongo na mabati. Fundi wa mawe, na ukuta wa udongo. Nilimwuliza sababu nikiwa kijana. Alimimina chai kwenye kisahani, akaipuliza, akasema, "Nikijenga yangu, nani atanikagua?"

Sasa nifike kwenye bweni.

Kamati ya akina mama ilitaka kujenga bweni la wasichana kando ya shule moja, pembeni mwa mtaa wa Kiwanjani. Wasichana wenyewe walikuwa watoke Sericho na kwingine mbali, ambako mtoto akienda nyumbani likizo fupi, likizo inaishia njiani. Mwenyekiti alikuwa Mama Rukia, mwenye malori mawili na mdomo wa malori manne. Babu yake alikuwa askari wa zamani wa mkoloni, na yeye alizungumza na watu wote kana kwamba wako kwenye gwaride. Aliniita Injinia. Sikumsahihisha.

Siku ya kuwaonyesha, kamati nzima ilikuja. Wazee watatu walikuja kuomba dua, na Fundi pia alikuwepo, kwa kuwa alikuwa amechaguliwa kujenga. Kwenye ramani yangu bweni lilikuwa upande wa juu wa kiwanja, penye mawe. Niliisimamisha nyumba ya hewa pale na sikuipenda. Jiko la shule lilikuwa limeifunika nusu, na mlango wake ulitazama vyoo. Wale akina mama walitazama kioo wakanyamaza. Mtu aliyetoka Doha na diploma hawezi kuvumilia kunyamaziwa. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikaisukuma nyumba kuelekea barabarani, hatua thelathini hivi, mpaka penye uwanda laini ambao tableti iliupenda mara moja. Nyumba ikatulia. Mlango ukatazama barabara, jua likapiga kwenye bati, na ndani vikaonekana vitanda vyenye blanketi za buluu.

"Mashallah," akasema Mama Rukia. "Hata mimi nitarudi shule."

Walishangilia. Mmoja aliingia kwenye mlango wa hewa akiinamisha kichwa. Nilifurahi kuliko siku ya diploma.

Kisha likatokea jambo ambalo mwenyeji kama mimi alipaswa kulijua. Kwetu, mahali pakishapendwa panaombewa papo hapo, na jiwe linawekwa. Wazee waliniomba niwaonyeshe pembe za nyumba kwenye kioo. Nikawaonyesha. Mawe manne yakaletwa, kila pembe jiwe lake, dua ikasomwa, Fundi ambaye ni Mkristo akavua kofia na kusema amina pamoja na wengine. Jiwe lililowekwa kwa dua halisogezwi. Nilisimama na tableti yangu, nikijua kwamba mawe yale yameifuata nyumba, na nyumba imefuata kidole changu, si ramani. Wiki hiyo hiyo niliibadilisha ramani ifuate mawe.

Fundi alikuwa wa mwisho kutazama. Nilimpa tableti, akaishika kwa ncha za vidole. Hakuingia mlangoni. Aliuzunguka ukuta usiokuwepo, akajiweka mbali nao mkono mmoja, kama unavyompita mbwa aliyelala.

"Iko na miguu?" akauliza.

"Msingi hauonekani, Fundi. Ni picha."

"Na maji yake inatoka wapi?"

Nilicheka. "Mvua ya Isiolo unaijua. Ikinyesha mara mbili tunasherehekea."

Hakucheka. "Hapa nyuma, zamani, ilikuwa laga," akasema. Laga ni mto wetu mkavu, mchanga mtupu mwaka mzima hadi siku moja.

"Imekufa hiyo. Angalia, ni uwanda."

"Nani aliusawazisha?"

Swali hilo nililielewa baadaye. Siku ile nilimjibu, "Wewe uko na kamba, mimi niko na mashine. Mashine imepima."

"Sawa," akasema. "Mimi nitaweka kamba."

Aliiweka, na nilikwenda kila asubuhi, nikijiambia kwamba nakagua tu. Siku ya kwanza kamba ilikatwa upande wa nyuma, karibu na jiwe la pili. Fundi akaifunga. Siku ya pili ikakatwa pale pale. Siku ya tatu nilifika kabla yake. Ilikuwa imelala mchangani na nyayo za mbuzi zimepita juu yake, zimenyooka, zimeingia mahali pa bweni na kutoka upande wa pili. Niliinama nikaifunga mwenyewe, haraka, kabla hajaja. Vidole vilikuwa baridi na jua lilikuwa limeshatoka.

Fundi alifika, akachuchumaa, akakitazama kifundo. "Hiki si changu," akasema. Kisha akanitazama. "Niambie, Injinia. Hii nyumba ilikuja hapa yenyewe?"

"Ndivyo mashine ilivyopima."

Alikifungua kile kifundo, akakifunga upya. Halafu akasema, "Jumatatu nachimba."

"Kumbe unakubali?"

"Naogopa. Lakini nikikataa, watapatia mtu haogopi."

Tangu siku hiyo sikula vizuri. Nilikuwa nikikaa ofisini nikiangalia mawingu, kitu ambacho hakuna mtu wa Isiolo anayekifanya kwa hofu; sisi hutazama mawingu kwa njaa. Kila nilipofungua tableti niliona vitanda. Nilikuwa nimevipanga vizuri sana, mistari minne, mto mweupe kwenye kila kimoja.

Walichimba. Mtaro ulipofika kiunoni, mchanga ulibadilika. Ulikuwa laini, umechekechwa, mchanga wa mto. Siku ya tatu Fundi aliniita. Alikuwa ndani ya mtaro, amejifunga kamba yake kiunoni, na ncha ya pili ameifunga kwenye mti wa nje, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe na kavu. Vibarua walikuwa wakimcheka pembeni. Alininyooshea kitu. Kilikuwa ndala ya plastiki, ya mguu wa kushoto, ya mtoto. Ilikuwa imejaa mchanga mpaka juu, umeshindiliwa kama simiti.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Chini."

"Mtu aliitupa tu."

"Futi nne chini?"

Niliishika. Ilikuwa ndogo, inatosha kiganjani. Hakunilazimisha. Alikaa pale chini akinitazama juu, na nikaona kwamba anaogopa kuwa mle ndani, anaogopa kweli, shingo yake ilikuwa na jasho, na hata hivyo hakutoka, akisubiri mimi niseme.

Sikusema kwake. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Rukia, nikiwa na ndala mkononi, kwa sababu nilijua nikipita nyumbani nitapata akili ya kunyamaza. Alikuwa kwenye gereji yake, lori moja limelazwa tumbo wazi. Nilimweleza yote: ramani ya kwanza, jiko, vyoo, kidole, kamba niliyoifunga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Waryaa, wewe kijana," akasema polepole. "Kwa hivyo ile dua yote, wazee wale, tuliombea kidole chako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ungenyamaza?"

Nilimwonyesha ndala. Aliichukua, akaigeuza ule mchanga umwagike, haukumwagika. Akakaa kwenye tairi. Yule mama aliyewagombeza askari wa vizuizini mpaka wakamwomba radhi alikaa kwenye tairi na kujifunika mdomo kwa ncha ya shela.

Wazee walikasirika, lakini mkubwa wao alisema dua haikosei mahali, watu ndio hukosea. Walirudi wakaomba upya kule juu penye mawe. Watu walisita kuyagusa mawe manne. Fundi aliyabeba mwenyewe, moja moja, akiyakumbatia kifuani, hatua thelathini kwenda na thelathini kurudi, na kila jiwe alilitua taratibu kama mtoto aliyelala. Mimi nilisimamisha nyumba ya hewa tena pale juu, imefunikwa nusu na jiko, mlango ukitazama vyoo, na safari hii hakuna aliyenyamaza. Walinisema mpaka nikachoka. Bweni likajengwa. Vyoo vilihamishwa, na hilo lilikuwa wazo langu.

Fundi hakuhudhuria ufunguzi. Hakuhudhuria ufunguzi wowote maishani mwake, aliogopa kusifiwa kuliko ngazi. Kawaida yake ilikuwa kuja siku nyingine, wakati hakuna mtu, na kuweka sikio ukutani. Alisikiliza nini, sijui.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye ilikuwa pale pale, miaka miwili baadaye. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mama Rukia alikuwa ametuita kwa sababu ya mfereji wa bati uliolegea, na Fundi alikuja na ngazi yake begani, amekataa kubebewa. Wasichana walikuwa darasani. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake kwenye vilima vya Nyambene. Kwetu halikudondoka tone.

Nilimwambia nitamshikia ngazi. "Wacha," akasema, "wewe uko na diploma." Aliiegemeza ukutani, akaanza kujifunga kamba kiunoni, kisha akasimama bila kumaliza kifundo. Aligeuza kichwa.

"Unasikia?"

Sikusikia kitu. Kisha nikasikia, kama lori linalokuja bila kufika.

Maji yalitokea nyuma ya uzio chini ya mbingu isiyo na wingu. Yalikuwa ya kahawia, mazito, na mbele yake yalisukuma matawi, povu na mzoga wa mbuzi. Hayakuuliza njia. Yalishika ule uwanda wote, kutoka mahali pa jiwe la kwanza hadi la nne, yakapita kuelekea barabarani. Sisi tulikuwa juu, barazani, miguu mikavu. Hata hivyo nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na Fundi alikuwa ameshaugusa kabla yangu.

Kisha akasema, "Ile nyumba ya hewa bado uko nayo?"

"Ya hapa?"

"Ya kule."

Sikuwa nimeifuta. Siku zote nilijiambia nitaifuta. Tableti haikuweza kuyakanyaga maji, ilihangaika, ikabidi niisimamishe nyumba hapa juu kwanza kisha niisukume kwa kidole, kama siku ile, hatua thelathini. Ikatulia kule. Bati liling'aa. Mlango ulitazama barabara. Maji yalipiga kuta zake pande zote na nyumba haikutikisika, haikulowa, haikujua.

Fundi aliileta tableti karibu na macho yake mabovu. "Ndani," akasema.

Nikampeleka ndani. Vitanda vilikuwa vimetandikwa blanketi za buluu, mito myeupe. Madirishani, pande zote mbili, yalipita maji ya kweli na matawi ya kweli. Fundi akaanza kuhesabu vitanda kwa kidole, bila kugusa kioo, midomo ikisogea. Alihesabu mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Darasani wasichana walikuwa wakisoma kwa sauti pamoja. Alipofika kitanda cha mwisho alinirudishia tableti.

"Zima."

Nilijaribu. Kidole kilikosa mara mbili, kilikuwa kinatetemeka mno. Mara ya tatu kikapata, kioo kikawa cheusi, na kule chini kukabaki maji peke yake.

Fundi alikuwa akiitazama mikono yangu kwa yale macho yenye ukungu, kwa karibu, kama alivyokitazama kile kifundo. Alimaliza kujifunga kamba yake.

"Haya," akasema. "Njoo unishikie ngazi."

Alipanda vidato vitatu tu. Niliishika kwa mikono miwili, na hata aliposhuka na kukanyaga chini, sikuiachia.